Caprese ni ya Capri, si ya mbuzi
Eti saladi ya caprese, ile ya nyanya na jibini la mozzarella, iliitwa hivyo kwa sababu zamani jibini lake lilitoka kwa mbuzi? Aliyeandika hivyo kateleza. Kweli, kwa Kiitaliano mbuzi ni capra, lakini caprese maana yake ni "ya Capri", kile kisiwa cha ghuba ya Napoli. Anayebisha aitazame torta caprese, keki inayobeba jina hilohilo: chokoleti, lozi, mayai, siagi na sukari, jibini hakuna hata chembe. Tena mozzarella hutengenezwa kwa maziwa ya nyati wa kufugwa kule Campania, mkoa wa Napoli, au ya ng'ombe, ambayo wenyewe huiita fior di latte. Jina lake limetokana na mozzare, yaani kukata, maana lile donge la moto huvutwa, kisha hunyofolewa kwa kidole gumba na cha shahada. Nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Malindi, na mpishi wetu Mwitaliano akiona mtu anaimwagia saladi hii siki alikunja uso kama kalamba ndimu. Kwake ni nyanya zilizoiva, mozzarella, basili (ndugu wa mrihani wetu), chumvi na mafuta ya zeituni, basi. Mozzarella aliitoa kwenye friji mapema, na ukiikata ilichuruzika maji meupe kama tui la pili. Siku basili ilipokosekana tuliweka mrihani. Alionja, akanyamaza, akamaliza sahani. Kuna mwingine hapa aliyejaribu hivyo?