Jamani, msiukate ukimya wangu

Hili linanikera kweli. Jumamosi usiku nilipiga muziki wa kielektroniki mubashara hapa Dunga, Kisumu: sintesaiza moja (kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme), na maikrofoni nimeielekeza ziwani. Saa nzima ya sauti za polepole. Faili lenyewe la WAV, yaani sauti isiyobanwa, lilikuwa megabaiti 635. Nikalibana kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, zikabaki kama 58, msikilizaji asimalize bando. Nikaipandisha kama podikasti.

Asubuhi rafiki ananiambia, "Mbona imeisha kwa dakika 41?" Nikashika simu yake. Programu yake ya podikasti ina kitufe cha kuruka ukimya, naye alikuwa amekiwasha. Kitufe hicho kimetengenezewa watu wanaoongea, wanaovuta pumzi katikati ya sentensi. Kwangu kimekula kila pengo! Pale noti inapofifia taratibu mpaka unasikia kwa mbali kasia likigonga mtumbwi, pamekatwa. Noti inayofuata inachomekea kama matatu kwenye foleni ya Kondele.

Mwingine anasikiliza kwa kasi ya 1.5. Unaharakishaje muziki wa kutuliza moyo?

Kizimeni hicho kitufe, tafadhali. Zile sekunde 9 za kimya nilizisubiri kwa makusudi, kidole kikiwa juu ya kinanda.