Taishokoto, harusi za Mombasa na bahasha ya mwalimu

Ala iliyokuwa ikiwainua watu vitini katika harusi za Mombasa ilizaliwa katika mji huu ninaoishi. Naizungumzia taishokoto, ile tuliyoizoea kwenye nyimbo za taarabu za Bi Zuhura Swaleh, kibao kirefu chenye nyuzi na vitufe vilivyopangwa kama vya taipureta. Ilibuniwa hapa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Morita Goro, mtu wa mtaa wa Osu. Mwaka huo ndio ulioanza enzi ya Mfalme Taisho, na ala ikapewa jina la enzi hiyo. Inasemwa kwamba Morita aliipata fikra kwenye taipureta: kwa nini mtu ahangaike kuitafuta sauti juu ya uzi kwa ncha ya kidole, ilhali kitufe chaweza kumbonyezea pahali penyewe? Ikawa rahisi kujifunza na rahisi kununua, ikauzwa Japani nzima, kisha ikapanda meli. Wahindi wakaiita bulbul tarang, Mabulushi wakaifanya benju, watu wa Bali wakaiingiza katika muziki wao. Kwetu ilifika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ikatiwa umeme, ikafungwa kwenye spika, ikawekwa juu ya mdundo wa chakacha, ikawa yetu.

Hapa Nagoya lakini haina cheo kikubwa. Ukiwauliza Wajapani kuhusu muziki wao wa jadi watakutajia koto, kinanda cha kulaza chenye nyuzi 13, shamisen ya nyuzi tatu, shakuhachi, yaani filimbi ya mwanzi, na gagaku, muziki wa ikulu. Taishokoto wengi huiona burudani ya kina mama wazee wanaokutana katika kumbi za mtaa mchana wa siku za kazi. Nami hao kina mama ndio niliowakimbilia.

Wengi wao wamepita miaka sabini, na mimi ndiye mtoto wao. Kila mmoja ana daftari lake, maana nota za taishokoto huandikwa kwa nambari zilezile zilizochapwa juu ya vitufe, na anayejua kusoma moja mpaka saba aweza kuanza leo. Ala zenyewe ni za aina nne za sauti, kuanzia nyembamba hadi nzito, basi darasa zima likipiga pamoja hutoka kitu kama kwaya. Na kila mwezi mwanafunzi humkabidhi sensei, yaani mwalimu, bahasha ya ada kwa mikono miwili, noti za ndani zikiwa safi, zimenyooka. Sensei huigonga muhuri kwenye mraba wa mwezi ule na kuirudisha. Hakuna anayeona haya kulipa, wala anayeona haya kulipwa. Kitendo hicho kidogo ndicho kilichonifanya niandike haya.

Kwetu, nani amewahi kumlipa fundi wa taishokoto ili afundishe? Apige, tumemlipa. Tumemtuza usiku wa harusi, tumemsifu mpaka alfajiri. Lakini kijana aliyetaka kujifunza alikaa ubavuni mwake, akavitazama vidole, akabeba vyombo, akasubiri fundi ainuke kunywa chai ndipo naye aiguse. Waliofuzu kwa njia hiyo walifuzu kweli, kwani sikio lililonolewa hivyo halisahau. Ila njia hiyo inahitaji harusi nyingi na bendi zilizo hai. Siku hizi mwenye harusi huleta didijei, au mtu mmoja na kinanda cha umeme kinachotoa sauti za ala zote. Fundi hana pa kukaa, na kijana hana wa kukaa ubavuni mwake.

Nilimwonyesha sensei wetu video ya taarabu ya Mombasa kwenye simu. Aliisogeza karibu, akautazama mkono wa mpigaji, akasema hajapata kuisikia ala yake ikienda kwa kasi ile wala ikizungumza na ngoma namna ile. Kisha akauliza swali ambalo Mjapani yeyote wa fani angeuliza: mwalimu wake ni nani, na mwalimu wa mwalimu wake? Sikuwa na jina la kumpa. Tangu hapo nimeuliza sana nyumbani. Waimbaji twawajua: Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma, Malika, Bi Zuhura mwenyewe. Baadhi ya washairi twawajua. Wapigaji wa taishokoto, kila niliyemuuliza kanijibu "yule jamaa wa Majengo", "yule kijana wa Kuze". Linaniuma jambo hili kuliko ninavyoweza kuandika.

Wenzetu walishtuka mapema. Januari 1949 moto uliunguza michoro ya kale ya ukutani katika hekalu la Horyuji, karibu na Nara, na mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya kulinda mali za utamaduni. Sheria hiyo ilivuka majengo na sanamu, ikaingiza pia ujuzi ulio mikononi na kooni mwa watu. Tangu 1955 serikali huwateua mafundi wa juu kabisa, wapiga koto, waigizaji wa noh, mchezo wa kale wa jukwaani, wafinyanzi, wafumaji, na watu huwaita hazina hai za taifa. Kila mmoja hupewa yeni milioni 2 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Kwa gharama za maisha ya huku huo hauwi utajiri. Lakini fedha zile zimetumwa kazi: fundi aunoe ujuzi wake na alee warithi.

China nako kuna jambo la kutazama. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, michezo ya opera ya kale ilifungiwa na jukwaani ikabaki michache ya kimapinduzi. Leo serikali ileile huwateua warithi wa fani, ilianza 2007, na mrithi wa ngazi ya taifa hupokea yuani elfu 20 kwa mwaka. Kunqu, opera ya upande wa Suzhou, ilikuwa katika kundi la kwanza kabisa lililotangazwa na UNESCO mwaka 2001. Nchi iliyowahi kuzivunja fani zake kwa mkono wake imeona kwamba kuzirudisha kunapitia kwa yule mzee mmoja aliyesalia anayejua.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Osaka, mwendo mfupi wa treni kutoka hapa. Ni bunraku, mchezo wa vikaragosi vikubwa, ambapo kikaragosi kimoja huendeshwa na watu watatu: mmoja kichwa na mkono wa kulia, mmoja mkono wa kushoto, mmoja miguu. Kandoni hukaa mghani anayesema maneno ya wahusika wote, na mpigaji wa shamisen yenye shingo nene. Wenyewe husema miguu yataka miaka kumi, na mkono wa kushoto miaka kumi mingine. Nani leo atamtoa mwanawe akakae miaka ishirini kabla hajashika kichwa cha kikaragosi? Basi mwaka 1972 serikali ilianzisha mafunzo ya bunraku kwa vijana wa kawaida wasio na ukoo wa fani, na leo karibu nusu ya wasanii wake wametoka huko. Hata hivyo hapakosi vita. Mwaka 2012 meya wa Osaka, Hashimoto Toru, alitaka ruzuku ya bunraku ipunguzwe, akiwataka wasanii wathibitishe kwamba watu wanawahitaji. Mjadala ule ulikuwa mkali, na wapenzi wa fani wakaanza kujaza viti. Niliposoma habari zake niliona heri nchi inayogombana juu ya ruzuku ya vikaragosi kuliko nchi isiyokuwa na ruzuku ya kugombania.

Lakini sitaki jamaa wasome haya wakadhani huku ni peponi. Japani yenyewe iliupa muziki wake kisogo. Serikali ya enzi ya Meiji, iliyotangulia Taisho, ilipojenga shule za kisasa baada ya 1872, somo la muziki lilifuata nota za Ulaya, na watoto wa vizazi vingi walikua wakijua piano bila kugusa koto. Ni tangu 2002 tu ambapo shule za kati zimetakiwa zihakikishe kila mwanafunzi ameshika walau ala moja ya Kijapani. Mwaka 1970 zilitengenezwa shamisen kama elfu 18. Mwaka 2017 hazikufika elfu 4. Halafu kuna mfumo wa iemoto, yaani kila fani kuwa na nyumba zake zenye mkuu wa kurithi, na mwanafunzi kulipia kila ngazi, kila cheti, hata jina la kisanii. Mfumo huo umehifadhi mengi, nakiri, lakini umewafungia mlango vijana wasio na fedha. Bahasha ya kila mwezi naitetea. Kuuziana majina siitetei.

Na lipo jambo jingine ambalo kwetu sisi watu wa pwani haliwezi kupita hivihivi. Risha ya shamisen huitwa bachi, ni pana, na ile iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya pembe ya ndovu. Madaraja ya koto na kucha za kupigia vilevile. Kwa karne nzima pembe zilishuka kutoka bara hadi bandari zetu, mabegani mwa watu waliolazimishwa kuzibeba, na sehemu yake imekuwa ikiimba katika kumbi hizi tulivu. Kenya ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016. Japani bado inaruhusu biashara ya pembe ndani ya nchi. Naipenda sauti ya shamisen, na bado nasema hakuna sauti inayostahili ndovu. Watafute kitu kingine, na wapo mafundi wa huku wanaokitafuta kwa bidii.

Kuna kitu ambacho sisi tunacho na wao wangekitamani. Kwenye noh watu hukaa kimya, na zamani hata kupiga makofi hakukuwapo. Kwenye kabuki, mchezo mwingine wa jadi wa jukwaani, kidogo pana uhai, maana wapenzi wa siku nyingi hupaza jina la ukoo wa mwigizaji kutoka viti vya juu, kwa sekunde hasa inayotakiwa, na ukumbi wote hupata moto. Lakini hakuna anayeinuka. Mwanamke wa Mombasa akisikia ubeti uliomgusa, huinuka na noti mkononi, huenda kwa madaha mpaka mbele, humtuza mwimbaji, na njiani amemtupia jicho anayemhusu. Kwa dakika ile naye ni sehemu ya wimbo, na kila mtu ukumbini anajua. Nimeona kina mama wa darasa langu wakicheka kwa furaha nilipowaeleza hilo. Mmoja akasema angependa walau mara moja maishani afanye hivyo. Kwa hiyo nisije nikaeleweka kwamba nataka taarabu iwekwe kwenye ukumbi wa kimya wenye tiketi. Taarabu bila kutuzana imeshakuwa kitu kingine.

Najua jibu litakalonijia haraka, kwa sababu nimeshaambiwa: taarabu si jadi ya Kenya, ni ya kuletwa, udi wa Waarabu, tyuni za Kihindi, na hiyo taishokoto yenyewe ya Mjapani. Hoja hiyo imetumika muda mrefu kuwanyima watu wetu. Tazameni basi hazina za Japani. Gagaku ilitoka China na Korea zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Shamisen ilitokana na sanxian ya China, ikapita Okinawa, ikaingia Japani karne ya 16. Biwa, ala nyingine ya nyuzi, ni mtoto wa ala ya China iitwayo pipa, nayo pipa ina asili ya kinanda cha kale cha upande wa Uajemi, ambacho ndicho pia mzee wa udi. Katika ghala la Shosoin kule Nara imehifadhiwa biwa ya nyuzi tano ya karne ya 8, imenakshiwa kwa gamba la chaza picha ya mtu anayepiga ala juu ya ngamia. Udi aliokuwa akiukumbatia Zein l'Abdin na biwa ni watoto wa ukoo mmoja, mmoja akaenda mashariki, mwingine akashuka kusini. Hakuna Mjapani anayesema biwa ni ya wageni. Kila Mei mosi, kwenye hekalu la Atsuta mjini kwetu hapa, huchezwa ngoma za bugaku zenye asili ya China na Korea, na watu huenda na watoto wao kutazama kilicho chao.

Tangu katiba ya 2010, mambo ya utamaduni yako mikononi mwa kaunti. Mombasa haihitaji jengo jipya wala tamasha la siku tatu lenye mabango. Nataka ianze na wazee kumi. Wateuliwe na watu wa fani wenyewe, wapiga udi, wapiga taishokoto, kina mama wa ngoma za vugo na lelemama, washairi. Walipwe kila mwezi, kwa wakati, malipo yanayomtosha mtu kuacha vibarua vingine. Sharti liwe moja: kila mmoja awe na wanafunzi wawili, na majina ya walimu wake yaandikwe, pamoja na ya waliowafundisha hao, kadiri anavyoyakumbuka. Kaseti zilizomo makabatini Kibokoni na Majengo zikusanywe na kunakiliwa kabla utepe haujaoza kwa unyevu. Nasi tulio ng'ambo, tunaotuma fedha za harusi, tuongeze sehemu ya bendi ya kweli, na tumwambie kiongozi wa bendi aje na kijana mmoja wa kujifunza.

Wa kwanza kwenye orodha yangu angekuwa mpigaji yeyote wa taishokoto aliye hai, popote alipo kati ya Likoni na Kisauni. Na katika wanafunzi wake wawili, mmoja awe msichana.