IDE au kihariri chepesi: mfumo mkubwa ufunguliwe vipi?

Miongoni mwa waandaaji wa programu wa Mwanza, hasa wanaokabidhiwa mfumo ulioandikwa na wengine, mjadala huu hauishi: je, msimbo mkubwa ufunguliwe moja kwa moja ndani ya IDE (programu kubwa inayounganisha kuhariri, kujenga na kusaka makosa ya msimbo), au usomwe kwanza kwa kihariri chepesi na amri za terminali? Tuchukue DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika hapa Tanzania; upande wake wa seva umeandikwa kwa Java, ukagawanywa katika moduli nyingi zinazojengwa kwa Maven, zana inayopakua maktaba (msimbo wa wengine unaotumiwa na mradi) na kuujenga mradi.

Watetezi wa kihariri chepesi wana hoja. IntelliJ IDEA, IDE ya Java, ikifungua mradi wa namna hiyo hupitia mafaili yote ili kuandaa faharasa, huku Maven ikipakua maktaba zinazohitajika. Kwa mtu wa Nyegezi mwenye laptopu ya RAM GB 8 na bando la simu, hiyo ni gharama ya kweli. Mtandao ukikatika katikati, skrini hujaa mistari myekundu, na mgeni hudhani msimbo ni mbovu, kumbe maktaba ndizo hazijafika.

Hoja hiyo hupwaya kwenye Lombok, maktaba ya Java inayotengeneza msimbo wa kujirudia kwa niaba yako. Madarasa mengi ya DHIS2 hubeba alama kama @Getter, inayoiagiza Lombok itengeneze mbinu kama getName wakati wa kukompaili. Ukiitafuta mbinu hiyo kwa grep, amri ya terminali ya kutafuta maneno, utaona inapoitwa, lakini hutaona ilipoandikwa, kwa kuwa haikuandikwa popote. IntelliJ, ambayo tangu toleo la 2020.3 huja na uwezo wa kuisoma Lombok, hukupeleka moja kwa moja kwenye sehemu ya darasa inayosababisha mbinu hiyo itengenezwe.

Wapo wanaosema Language Server Protocol, kanuni za kihariri kuwasiliana na programu inayoielewa lugha (seva ya lugha), iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2016, imemaliza ugomvi kwa kukipa kihariri chepesi uwezo huohuo. Si kweli kabisa: seva ya lugha ya Java nayo hula RAM na husoma pom.xml ileile, yaani faili la Maven linaloorodhesha maktaba za mradi.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kuipanga IDE kwa mkono, ukiongeza maktaba moja moja kwenye menyu hadi wekundu uishe. Hapo unakuwa umeunda maelezo ya pili ya mradi, yatakayogongana na pom.xml siku mwenzako atakapobadilisha toleo la maktaba. Ni heri kuanza na mvn install -DskipTests kwenye terminali (kuujenga mradi bila kuendesha majaribio yake), hata kama ni usiku kwa bando la usiku, kisha IDE iachiwe isome pom.xml yenyewe. Maktaba zikishatua kwenye folda ya .m2, Maven hufanya kazi bila mtandao kwa kuongezewa -o, na ofisi yenye watu kadhaa inaweza kumnakilia mgeni folda hiyo kwa flashi. Anayerekebisha tafsiri ya neno moja katika faili la .properties, bila shaka, hahitaji lolote kati ya haya.