Mjomba, huku mbona hakuna mtu?

Tulikuwa barazani Wete, muuza kahawa ndiyo kwanza ametua dele lake, mpwa wangu akanisogezea simu. "Mjomba, huku mbona hakuna mtu?" Huku ni Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mwenyewe mmoja: umeundwa kwa seva nyingi, yaani kompyuta zinazoendeshwa na watu mbalimbali na kuunganishwa, na kila mtu huchagua ya kujisajili. Mie mwenyewe ndiye niliyemshawishi ajiunge. Siku ya tatu hiyo. Keshaposti picha ya karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, picha nzuri kweli, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mashaallah.

Sikuwa na la kumjibu, maana mie pia niliondoka hivyo hivyo. Nilijiunga Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, watu wakihama kwa makundi. Watumiaji wa Mastodon wa kila mwezi walipita milioni mbili, kisha miezi michache baadaye wengi wakarudi walikotoka, nami nikiwamo. Lawama zote zikaangukia shida ya kuchagua seva. Siafiki. Aliyeweza kusajili laini ya simu kwa alama za vidole hashindwi na seva. Kinachowafukuza watu ni ukimya wa siku za mwanzo.

Na ukimya huo una sababu. Mpwa wangu alichagua seva ndogo kwa kupenda jina lake tu. Sasa seva haioni mtandao mzima. Posti za nje huifikia, kwa kawaida, pale mtu wa humo ndani anapomfuata aliyeziandika au aliyezisambaza. Kwa hiyo akitafuta #Zanzibar anapata picha mbili za watalii Nungwi, basi. Waswahili wamo, ila maneno yao hayajavuka kufika kwake. Kutafuta kwa maneno ya ndani ya posti nako kumekuja na toleo la 4.2, Septemba 2023, na posti yako haitafutiki mpaka uruhusu mwenyewe. Naipenda sheria hiyo. Mgeni haimsaidii kitu.

Wapenzi wa mitandao hii hujisifu kuwa hakuna algorithimu, posti zinakuja kwa saa zake. Sawa, hata baraza halina algorithimu. Lakini mgeni akitoa salamu husogezewa nafasi, na hapakosi mzee wa kumuuliza wa wapi; akisikia Kojani atasema, "Basi kaa na huyu, mkewe wa huko." Kazi ya mzee yule ndiyo tusiyoifanya. Bluesky, mtandao mwingine wa aina hii, ingawa kwa kiasi kikubwa bado imo mikononi mwa kampuni moja, wameikaribia: tangu Juni 2024 mwenyeji anaweza kufunga kifurushi cha akaunti, mgeni akabonyeza mara moja akawafuata wote.

Nikakumbuka kwamba Mastodon hukuruhusu kupakua orodha ya unaowafuata kama faili. Nikapakua yangu, nikamtumia kwa WhatsApp (ndiyo, najua), akaiingiza kwenye akaunti yake pale pale, kahawa haijapoa. Posti za zamani hazikuja, ila mpya zikaanza kudondoka moja moja, nyingi za Kiswahili.

Usiku akanipigia. Mmoja wa aliowafuata, mtu wa Lamu, naye kamfuata, na anauliza karafuu zinakaa juani siku ngapi. "Mjomba, nimwambie ngapi? Maana wiki hii mvua tupu."