Kifafa si wazimu, lakini mtoto anaendeleaje?

Kwa miaka mingi wahamasishaji wa afya wametuhubiria kwamba kifafa si wazimu. Ni kweli, na ilibidi isemwe. Huku pwani bado kuna nyumba ambazo mtoto akianguka wa kwanza kuitwa ni mganga, na wageni wakija mtoto hufungiwa chumbani. Ila ujumbe huo tumeushika kupita kiasi, hadi ukiuliza habari za akili ya mtoto mwenye kifafa unaonekana umemtukana mzazi.

Ndiyo maana napenda kazi za Symon Kariuki na wenzake katika kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, hapa pwani ya Kenya. Mwaka 2012 walichapisha utafiti uliolinganisha watoto 108 wenye kifafa na wengine 108 wa umri huohuo wasio nacho. Chombo chao kikuu kilikuwa maswali 15 aliyoulizwa mzazi au mlezi kuhusu tabia za mtoto. Kati ya wenye kifafa, asilimia 49 walikuwa na matatizo ya tabia. Kati ya wale wengine, asilimia 26. Na waliokuwa bado wanaanguka walikuwa na hali mbaya kuliko wale ambao kifafa kilishatulia.

(Hiyo 26 nayo si ndogo. Robo ya watoto tunaodhani hawana neno! Lakini hayo tuyaache kwa leo.)

Nyumbani matatizo haya tunayapa majina mengine. Mtoto asiyetulia ni mtundu, mwenye hasira za ghafla hana adabu, anayejitenga ana kiburi au ametupiwa kitu. Dawa yake inakuwa fimbo au hirizi. Kumbe ubongo unaoleta kifafa ndio huohuo unaoongoza hisia, usingizi na umakini. Ukiwa umeumizwa na malaria kali au kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, madhara hayaishii kwenye kuanguka. Juu ya hapo, weka kutengwa. Mtoto anakatazwa kwenda kuogelea na wenzake, anakatazwa kukaribia jiko, na sababu zipo, maana moto na maji vimeua wengi. Shuleni wenzake wanaogopa mate yake, ingawa kifafa hakiambukizi. Mtoto gani angebaki mchangamfu?

Halafu kuna dawa yenyewe. Fenobabitoni ni ya bei nafuu na imewasaidia wengi, lakini baadhi ya watoto huwafanya wakose utulivu na wawe wakali. Mama akilalamika kwamba tangu mtoto aanze vidonge hakamatiki, huenda anasema kweli tupu. Asiposikilizwa, atavificha kabatini kimyakimya, na kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, kinachoua.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu kliniki na mwanawe. Foleni ilikuwa ndefu, tabibu amechoka. "Mama, ameanguka mara ngapi tangu mlipokuja mara ya mwisho?" "Mara mbili, daktari." Akaandika kwenye daftari, akaongeza dozi, akaita mwingine. Tulipofika nje ndipo jirani akaniambia kwamba mtoto siku hizi hachezi na mtu, usiku halali, na anamng'ata dadake. Nikamuuliza mbona hakuyasema mle ndani. "Sikuulizwa," akajibu. Na mlangoni pale kibao kilikuwa kimeandikwa kliniki ya afya ya akili, kwani hospitali zetu nyingi dawa za kifafa hutolewa hapohapo! Yaani mtoto anapitishwa mlango wa akili kila mwezi, na akili yake haigusiwi.

Kuna watakaosema tushughulikie dawa kwanza, kwa sababu kuna wagonjwa wengi wasiozipata, ama kwa umbali wa kituo ama kwa kukosa pesa. Nawaelewa. Lakini mama aliyeficha vidonge kabatini naye yumo katika hesabu hiyo, na hakushindwa na nauli.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iligawa mikoba kwa wahudumu wa afya ya jamii 100,000, ndani yake mna kipima presha, kipima sukari na mizani. Wahudumu hao huingia majumbani. Naona wangeweza kubeba pia maswali machache ya namna ile ya Kilifi, wamuulize mlezi wa kila mtoto mwenye kifafa. Najua wataalamu wa akili za watoto hawapatikani huku kwetu, na kuuliza bila msaada nako ni kumtesa mtu. Hata hivyo yapo yasiyomhitaji bingwa: tabibu kubadilisha dawa inayomvuruga mtoto, mwalimu kuelezwa kwamba kumrudisha nyuma ya darasa hakumsaidii, baba kuambiwa aweke fimbo chini. Kwa jirani yangu, hilo la dawa peke yake lingetosha kuanzia.