Mlio wa Bunduki Hauthibitishi Kusudio la Kuua

Kila mara mahakama ya rufaa inapotengua hukumu ya mtu aliyetiwa hatiani kwa kujaribu kuua kwa bunduki, husikika sauti zinazosema kwamba ameponea kwenye mianya ya sheria. Hasira hiyo naielewa, kwa kuwa nyuma ya kesi ya namna hiyo yupo mtu aliyepigwa risasi, ambaye pengine hatatembea tena sawasawa. Hata hivyo, naamini kwamba yale yanayoitwa mianya ndiyo mambo yanayolijenga kosa lenyewe la kujaribu kuua, na kwamba mahakama inayoyaruka haimtendei haki hata huyo aliyejeruhiwa.

Uzito wote uko kwenye kusudio. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, mtu anayempiga mwenzake kwa nia ya kumuumiza vibaya tu, kisha majeruhi akafa, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Majeruhi huyo huyo akipona, mpigaji hawezi kutiwa hatiani kwa kujaribu kuua mpaka ithibitike, bila kuacha shaka yoyote ya maana, kwamba alikusudia kifo hasa. Wengi huliona jambo hili kuwa kinyume, lakini lina mantiki yake: kifo hakikutokea, kwa hiyo kinachoadhibiwa ni nia iliyoambatana na kitendo. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufaa za Jinai ya Uingereza ililieleza katika kesi ya mume aliyedaiwa kuunganisha umeme kwenye kisahani cha sabuni bafuni ili mkewe afe. Jaji aliyesikiliza kesi alikuwa ameliambia baraza la raia waamuzi kwamba nia ya kujeruhi vibaya ingetosha. Mahakama ya juu ilisema alikosea, ingawa iliiacha hukumu isimame kwa kuona kwamba kosa hilo halikupotosha haki.

Bunduki hutufanya tusahau somo hilo. Ni chombo cha kuua, nasi twafikiri kwamba aliyekifyatua amekwisha kujieleza. Lakini risasi moja iliyopenya paja kwa umbali wa hatua tatu, huku mpigaji akiwa na risasi nyingine na akaondoka bila kuzitumia, haisemi sawa na risasi tatu zilizolenga kifua cha mtu anayekimbia. Alisimama wapi, alielekeza wapi mtutu, alitamka nini kabla na baada, na ni kitu gani kilichomfanya aache? Hukumu isiyojibu maswali hayo ikarukia hitimisho kwamba aliyetumia silaha ya moto lazima alitaka kuua, imehamisha mzigo wa kuthibitisha kutoka kwa upande wa mashtaka na kumtwika mshtakiwa. Tena majaji wa rufaa hawalazimiki kuchagua kati ya kumfungulia mrufani mlango na kuiacha hukumu ilivyo. Ushahidi ukiruhusu, sheria za nchi nyingi zinawapa uwezo wa kumtia hatiani kwa kosa dogo zaidi, kama vile kujeruhi vibaya.

Swali la pili ni nani aliyefyatua. Haki yenyewe ya kukata rufaa za jinai nchini Uingereza ilipata nguvu kutokana na masaibu ya Adolf Beck, aliyetiwa hatiani mwaka 1896 na tena mwaka 1904 kwa sababu mashahidi kadhaa walimtaja kwa uhakika, kumbe mhalifu alikuwa mtu mwingine. Mahakama ya Rufaa za Jinai ikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1907. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote, na kwamba haufai kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe: mwanga, umbali, muda wa kumtazama, na kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla. Penye bunduki tahadhari hiyo yapaswa kuongezwa, kwa sababu jicho la mwenye hofu huvutwa na mtutu na kuuacha uso. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea.

Ganda la risasi lililookotwa nalo halisaidii kitu ikiwa haijulikani lilipita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia mtaalamu wa silaha.

Ushahidi unapopungua hivyo, wapo wanaotaka kesi irudiwe. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 1966 kwamba kesi isirudiwe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake, nami nauunga mkono msimamo huo, hata pale unapomwacha majeruhi bila jibu. Jibu lake lilipaswa kutafutwa siku ile ile ya tukio, kwa kupima umbali, kutunza maganda na kuandika maneno ya mashahidi yakiwa bado mabichi.