Nionyesheni Tumbo la Mashine

Tangazo ni lilelile kila mwaka masika yakikaribia. Mashine ya kukata nyasi ya kukalia, upana wa kukata inchi 42, "imetumika saa 60 tu, kama mpya, mwenyewe anasafiri." Picha tisa. Kiti kwa mbele, kiti kwa ubavuni, usukani, taa mbili (sijui nani anakata nyasi usiku Malindi hii), injini imefutwa ikang'aa kama sinia la harusi, na kijana amekaa juu anatabasamu. Tumbo halimo, yaani deki, lile bakuli la chuma la chini linalofunika visu. Picha tisa zote na hakuna hata moja iliyopigwa chini. Halafu huko chini ya tangazo watu wamepanga foleni na swali moja: "Ina hospawa ngapi?"

Hospawa! Mtu ana nyasi za kuzunguka bwawa na minazi sita, anauliza nguvu za injini kama anayetaka kuvuta jahazi kutoka Lamu mpaka nguzo ya Vasco da Gama.

Haya, tumalizane na injini upesi. Viwanja vya Casuarina na Silversand ni tambarare kama mkeka. Silinda moja ya hospawa 17 mpaka 19 inazungusha deki ya inchi 42 bila kulalamika. Silinda mbili hutulia zaidi na hazitikisi kiti, lakini hunywa zaidi. Oili SAE 30, kama lita 1.4 kwa silinda moja. Ya kwanza imwagwe baada ya saa 5 hadi 10, baadaye kila saa 50, hata kama kitabu kimekuruhusu 100, maana kitabu hakijaona vumbi letu. Na wale wanaotishana kuhusu gia za Tuff Torq K46, zile zinazoendesha magurudumu, kwamba ni dhaifu na huchoka zikipata joto: ni kweli, kwenye vilima. Nyinyi mna kilima gani? Ondoeni nyasi kwenye ile feni ndogo iliyo juu ya gia, mwendelee na maisha.

Kinachoua mashine hapa ni kutu ya deki, na kutu hiyo huanzia kwenye mchanga.

Kisu cha mashine hizi hakikati tu, hupuliza pia. Lile sikio lililokunjwa juu nyuma ya makali huvuta upepo ili nyasi zisimame, zikatwe, kisha zitupwe nje. Upepo huo hauchagui. Kwenye ardhi yetu hunyonya nyasi na mchanga kwa pamoja, na ncha ya kisu inapita kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo ndani ya deki unapigwa msasa kila Jumamosi. Rangi ya kiwandani haimalizi masika mawili. Inaanza kutoka juu ya njia ya ncha za visu, kisha kwenye mdomo wa kutolea nyasi. Chuma kikibaki uchi, chumvi inapokea zamu. Na tazama ubaya wa kalenda: kusi linavuma kutoka baharini miezi ileile ambayo nyasi zinamea kwa kasi na mashine inatoka kila wiki. Nyasi mbichi zinagandamana tumboni, zinashika unyevu mpaka Jumamosi nyingine, zinaoza, na zikioza hutoa asidi. Chumvi, maji, asidi na chuma kitupu, vyote chini ya kiti ulichokifuta kwa sabuni ya gari.

Ndiyo maana hizo saa 60 hazinisisimui. Saa ni za injini. Deki haihesabu saa, inahesabu misimu, na hula chumvi hata ikiwa imelala gereji.

Mchanga huohuo unakula kisu. Kitazame pale sikio linapoanza kukunjwa: kwanza hutokea kijifereji, kisha chuma kinakuwa chembamba kama kopo la maziwa ya unga, na siku moja sikio linakatika na kurushwa nje kwa kasi niliyokutajia. Hapo mtu asiwe upande wa mdomo. Ukiona kijifereji, kisu hicho hakinolewi tena, kinatupwa. Na ukinunua vipya, kataa vile vya sikio refu ambavyo muuzaji atakusifia kwamba vinajaza mfuko wa kukusanyia nyasi vizuri. Ni kweli vinajaza mfuko, na nusu ya mfuko ni mchanga. Kwetu hufaa sikio fupi. Mabaki kidogo yatalala juu ya nyasi, yaache yalale.

Sasa panda juu ya deki, chini ya vile vifuniko vya plastiki vya mkanda, mahali ambapo hakuna anayepatazama mpaka mkanda ukatike. Nyasi zinajaa humo pia, na ndimo zilimo nyumba za beringi za visu. Mashine nyingi za nyumbani zina nyumba za aluminiamu zilizofungwa kwa bolti za chuma. Aluminiamu, chuma na hewa ya chumvi havikai pamoja kwa amani: aluminiamu inatoa unga mweupe, bolti inashikana na tundu lake, na siku fundi anapotaka kubadilisha beringi ya bei ya chai na mahamri, kichwa cha bolti kinakatika mkononi mwake. Sasa unanunua nyumba nzima. Dawa ni ndogo: mashine ikiwa ingali mpya, fungua bolti moja baada ya nyingine, paka grisi ya shaba au hata grisi ya kawaida, rudisha. Ni kazi ya nusu saa, na haifanywi.

Unene, basi. Deki ya bati moja lililokandamizwa huwa na chuma cha milimita 2.3 hivi. Deki ya kuchomelewa huanzia karibu milimita 3, nyingine zaidi. Kila mwenye akili atakwambia chukua nene, na mimi nakubali, lakini kwa shingo upande. Ile ya kukandamizwa haina pembe. Ni mviringo mtupu, kifaa cha kukwangulia kinapita kama kwenye sufuria ya wali. Ya kuchomelewa ina pembe na viungo, na watengenezaji wengine huchomelea vipande vipande badala ya mstari mzima, wakaacha nyufa ambazo maji ya chumvi yanaingia na hayatoki. Ukikuta deki nene yenye viungo vilivyochomelewa mfululizo, lipa. Ukikuta nene yenye nyufa, afadhali hiyo nyembamba na mtu wa kuikwangua.

Na msiioshe kwa maji ya kisima! Juu ya deki kuna kale katundu ka kuchomekea mpira wa maji, na kitabu kimeandika oshea humo. Kitabu kilidhani maji ni maji. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi ya kuonja kwa ulimi, nanyi mnaipulizia chumvi hiyo kwenye chuma kilichotoka kupigwa msasa, kisha mnaita matunzo. Zaidi ya hapo, yale maji yanaosha katikati, pembeni nyasi zinabaki zimegandama vilevile, sasa zikiwa zimelowa. Kwangua kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki nyasi zikiwa zimekauka kidogo, malizia kwa upepo wa kompresa kama unayo. Ikilazimu maji, yawe ya mfereji, na visu vizungushwe dakika tatu nne baadaye vijikaushe.

Mambo haya yasingehitaji kuelezwa pwani, jamani. Watu wa majahazi wanajua. Chombo kinapandishwa pwani, kinakwanguliwa, juu kinapakwa sifa (mafuta ya papa), chini kinapakwa shahamu na chokaa, kinarudi majini. Hakuna nahodha anayengoja maji yaingie ndiyo atafute shahamu. Deki inataka heshima hiyohiyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli: chomoa waya wa plagi, inua mbele, weka magogo (jeki peke yake isikudanganye), toa visu, kwangua, piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane, paka dawa ya kubadilisha kutu, kisha rangi ya zinki mikono miwili. Na tafadhali, si oili chafu. Najua kila fundi ana galoni yake. Oili chafu kwenye mchanga inakamata chembe na kuzishikilia palepale, mnapata msasa wa kudumu, na matone yake yanaacha madoa ya nyasi zilizokufa mpaka mwezi mzima upite.

Swali ambalo lilipaswa kuja kabla ya yote haya ni kama unaihitaji. Ploti ya nusu ekari, ukitoa nyumba, bwawa, njia ya gari na banda la mlinzi, inakuachia kama futi za mraba 12,000 za nyasi. Mashine ya kusukuma ya inchi 21, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, inamaliza eneo hilo katika dakika 40. Arobaini! Tafuta yenye deki ya aluminiamu au plastiki, na habari ya kutu ya deki imekwisha. Ya kukalia huanza kuwa na maana nyasi zenyewe zikipita ekari moja, nyasi, si hati ya kiwanja. Hapo inchi 42 inakula ekari kwa dakika 45 mpaka 50. Lakini pima kwanza mlango wa uzio, kwa sababu deki ya inchi 42 mdomo wake ukiwa chini hupita inchi 50, na wapo waliobomoa nguzo ya lango jipya kwa ajili hiyo. (Ndugu zetu wa Lamu mtacheka. Mjini kwenu hata gari halina njia, na punda anakata nyasi bila mkanda wala petroli, tena mbolea anaacha palepale.)

Mashine za kukalia zinazogeuka papo kwa papo kwa vishikio viwili: kuzunguka minazi hazina mpinzani, hilo siwezi kukataa. Ila kwenye mchanga mlegevu magurudumu ya mbele yanazama, na dereva akigeukia gurudumu moja anachimba shimo la duara katikati ya nyasi za Pemba ulizopanda shina kwa shina. Za betri ya lithiamu zinafaa kwa nyumba zinazofungwa miezi sita, maana petroli iliyolala zaidi ya mwezi huanza kuharibika na kuziba kabureta. Mwenye injini ya petroli aiache izime yenyewe kwa kuishiwa, kisha achomoe waya hasi wa betri. Turubai la plastiki lililofunika mpaka chini ni jiko la kupikia kutu. Magurudumu yatiwe dawa ya kuziba pancha kabla, si baada, ya kukutana na miba ya bogainvilia.

Spea ziagizwe siku ileile ya kununua mashine: mikanda miwili, seti mbili za visu, nyumba moja ya kisu iliyokamilika, chujio za hewa. Beringi si tatizo. Nyingi ni 6203 zenye raba pande zote, soma namba iliyoandikwa ubavuni na uitafute mjini. Mkanda ndio mtego. Ule wa mashine ya posho unaingia, vipimo vinalingana, fundi anafurahi, lakini hauna nyuzi ngumu za ndani za kuvumilia puli inayoukandamiza kwa mgongo. Utanyooka, utateleza, utanuka, na nyasi zitabaki na mstari usiokatwa katikati.

Mkato uwe juu, inchi 3 au zaidi, nyasi za Pemba hazitaki kunyolewa, na jiwe la matumbawe lililochungulia leo halikuwepo wiki jana. Vifuu na mabua ya makuti viokotwe kwanza. Kifuu kimoja kikibanwa kati ya kisu na deki kinatosha kupinda ekseli ya kisu.

Sasa turudi kwa yule wa picha tisa. Nenda na glavu, tochi na bisibisi ya bapa. Mwambie atoe ufunguo, chomoa waya wa plagi, inueni mbele. Ukikuta chini pamepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi, kwenye mashine ya kutumika, muulize ameficha nini. Shika ncha ya kila kisu uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Zungusha taratibu kwa mkono usikilize kama kuna sauti ya kusaga mchanga. Kisha gongagonga kwa mpini wa bisibisi kuzunguka nyumba za beringi, kwenye mdomo na kwenye pembe. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinajibu kama gunia. Palipojibu kama gunia, geuza bisibisi usukume kwa ncha. Ikizama, ichomoe, funga glavu zako, na usiulize hata hospawa.